Babu Hataki Kula

Simu ilinikuta jikoni nachagua mchele, asubuhi ya mwezi wa saba, katika ile baridi ya Dodoma inayokuja na upepo na kukausha midomo mpaka mtu akitabasamu anaumia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima. "Shikamoo mama. Wewe ndiye Bi Mwajabu wa Majengo? Mimi naitwa Neema, wa Mzee Ndahani wa Haneti. Baba amefariki jana jioni, tunazika kesho saa nane." Nikasema inna lillahi, nikampa pole, nikavuta kiti kwa mguu nikakaa. Akashukuru. Halafu akasema, "Nakwambia ukweli, mama, mimi sikutaka uitwe. Baba ndiye aliyeagiza. Alisema asifukiwe kabla mtani wake wa Majengo hajafika." Simu ikakatika, au alikata yeye, sikujua. Nilibaki na sinia la mchele mapajani, na hofu ya miaka thelathini na ushee ikanirudia yote, mbichi, kana kwamba nilikuwa bado na miaka ishirini na nimesimama mbele ya sanduku la kioo namwangalia mjusi ambaye hataki kula.

Wajukuu zangu hawajui utani ni nini. Wanadhani ni kuchekeshana tu. Sisi Wanyamwezi wa mjini, ambao mababu walifika hapa na misafara wakiwa wamebeba mizigo ya watu kichwani, tuna utani na Wagogo tangu enzi hizo, wao wakiwa na maji na sisi tukiwa na kiu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usinune. Anaweza kuchukua kuku wako akala. Ukifiwa, yeye haji kulia. Anakuja kumsema marehemu, kuigiza anavyotembea, kukaa juu ya udongo wa kaburi na kukataa lisifukiwe mpaka waliofiwa wacheke. Na jambo moja kubwa: neno la mtani halipelekwi popote. Linajibiwa palepale kwa neno lingine, basi. Mimi nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, na bado nililipeleka.

Habari za kwetu niziache. Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi za ndani Uzunguni, kwa mzungu mmoja mtaalamu wa visima, mkewe na binti yao wa miaka minane, Lisa. Mimi niliwaita Baba Lisa na Mama Lisa. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Majengo, yaliyokuwa na rafu tupu na chumvi ya mawe tu, ghafla yalijaa sabuni za rangi, redio za kaseti na mitumba, na kila mtu alikuwa akitafuta kazi ili naye anunue. Kwa kazi ile nilikuwa nimepanga chumba, chumba changu, chenye ufunguo nilioufunga kwenye ncha ya khanga. Ukinipokonya kazi ulikuwa umenipokonya ufunguo, na ukinipokonya ufunguo unanirudisha kwenye mkeka wa shangazi yangu, ambako mposaji mwenye wake wawili alikuwa anakuja kila Ijumaa kuuliza hali yangu. Kwa hiyo niliishika ile kazi kwa mikono miwili na meno.

Mpishi alikuwa Mzee Ndahani. Hakuwa mzee hasa, labda miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa tundu kubwa kama Wagogo wa zamani, na aproni nyeupe aliyoifua mwenyewe kila jioni. Kila asubuhi nilipoingia kwa mlango wa nyuma nilimwamkia kwa adabu, "Shikamoo Mzee Ndahani," naye aliitika bila kugeuka, "Marahaba mpagazi. Mzigo umeutua wapi leo?" Nami nilimjibu kwamba nimeutua kwa Wagogo, wakauramba wakidhani ni mlenda. "Babu zako walitoa hongo kwa babu zangu ndipo wakanywa maji," angesema, akinisukumia kikombe, "na wewe toa hongo ndipo unywe chai. Kamenye vitunguu." Ndivyo ilivyokuwa. Akirusha yeye, zamu ni yangu. Nikirusha mimi, zamu ni yake, mpaka chai inachemka. Saa saba mchana, wazungu wakishakula mezani, tulikaa nyuma ya jiko, mimi, yeye na Lameki mlinzi, tukala ugali wa uwele kwenye sinia moja. Kulikuwa na kikaango kimoja cha nyama ya nguruwe ya asubuhi ya wazungu, alichokifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Sikuwahi kukiosha. Alikiosha yeye, nje, kwa maji yake mbali, na hakuwahi kulisema hilo hata kwa utani.

Sasa huyo mjusi. Walikuja naye kutoka kwao, ndani ya sanduku la kioo lenye mchanga, jiwe na taa ya kumpasha joto. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko, rangi ya udongo mkavu, na chini ya kidevu miiba laini iliyotuna akikasirika, ikawa kama ndevu. Kwa ndevu hizo Lisa alimpa jina la Babu. Majengo tulifundishwa kwamba mjusi ni wa kandambili, ukimwona unampiga, na hapa nilikuwa nafundishwa kumnyunyizia maji puani asikauke. Wiki ya kwanza nilimlisha kwa koleo la jikoni, nimegeuza uso. Baadaye nikazoea. Kila asubuhi nilikamata panzi bustanini kwa upande wa khanga, nikamkatia mchicha mwembamba, naye alikula kwa haraka, kichwa kikitikisika. Ndahani hakumpenda. "Babu gani ana mkia?" aliniuliza. "Au huko Unyamwezi ndivyo walivyo?"

Mwezi wa sita Mama Lisa na Lisa walikwenda kwao likizo, wiki nane. Baba Lisa alibaki, lakini kazi yake ya visima ilikuwa huko mbele ya Zuzu, alikuwa analala kambini na kurudi Jumamosi. Siku ya kuondoka Lisa alinishika mkono mbele ya sanduku. "Dada Mwajabu, Babu ni wako mpaka nirudi. Asife." Hakusema kwa ukali, ni mtoto tu. Lakini mama yake alikuwa nyuma yake, na yeye akaongeza, akitabasamu, "Tunakuamini sana."

Siku tano baada ya hapo Babu alimtazama panzi akimpanda mgongoni, hakufanya kitu. Nikasema ameshiba. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu panzi walikuwa wanne ndani ya sanduku wanarukaruka, naye amejisukuma nyuma ya jiwe, amefumba macho. Kulikuwa na mgao wa umeme. Taa yake ilizima tangu asubuhi mpaka jioni, na upepo wa baridi ulikuwa unapita chini ya mlango. Nikamletea mende. Nikamletea papai. Nikamkaangia yai bila chumvi, nikalikata vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Hakutaka. Kila siku nilivunja yai, na kila siku nililitupa. Wiki ya pili rangi yake iligeuka nyeusi tumboni na mwili ukawa baridi kama kisu kilicholala nje. Nilikuwa nikimfunga ndani ya khanga, nikamweka tumboni kwangu, nikifanya kazi kwa mkono mmoja, nikimwombea mjusi dua, Mungu anisamehe. Siku moja nilimfungua mdomo kwa ncha ya kijiko nikamwingizia kiini cha yai. Akatoa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa usingizini, kiini kikamtoka puani. Nilimrudisha mchangani, nikaenda kukaa chooni nikalia huku nimeng'ata taulo. Nililala na ufunguo wangu mkononi siku zile, najua ni ujinga.

Ijumaa asubuhi, wiki ile, Ndahani alinikuta nimeinama juu ya sanduku. Akasimama mlangoni akifuta mikono. "Mpagazi," akasema, "usijisumbue. Babu yenu nimeshamtilia sumu kwenye mchicha. Akifa tugawane urithi: wewe chukua ndevu, mimi mkia." Zamu ilikuwa yangu. Siku nyingine yoyote ningemwambia mkia achukue auongeze kwenye ule wake. Lakini nilikuwa sijalala, na neno sumu lilinigonga kifuani likakaa. Sikujibu. Alisubiri kidogo, akaguna, akarudi kwenye sufuria zake.

Mchana huohuo nilikuwa stoo napima unga, dirisha liko wazi, na wao wawili, yeye na Lameki, walikuwa nje wanabangua karanga. Nilimsikia Ndahani akisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, "Haneti mwaka huu uwele umekauka kabla ya kutoa masuke. Wanangu wanakoroga ubuyu asubuhi, wanakoroga ubuyu jioni. Hapa jikoni kwangu linavunjwa yai kila siku kwa ajili ya mjusi, na mjusi mwenyewe analikataa. Angekuwa wangu ningemtupa porini siku ileile." Lameki akacheka. Ndahani hakucheka. Nilisimama na kopo la unga hewani, na kichwani mwangu yale maneno mawili, la asubuhi na la mchana, yakashikana mikono. Hasira ile ilikuwa ya kweli, nikasema, basi na sumu ni ya kweli. Leo naona wazi kwamba mtu mwenye watoto wenye njaa ana haki ya kulichukia yai la mjusi na asiwe muuaji. Lakini hofu ina akili yake, na kazi yake kubwa ni kukutafutia mtu mwingine wa kubeba mzigo wako.

Jumamosi Baba Lisa alirudi, vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Lisa, akamnyanyua Babu, na Babu akaning'inia mkononi mwake kama soksi. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mwajabu, nini kimetokea kwa mnyama huyu?" Nikasema hataki kula. Akauliza tena. Nikasema, "Mzee Ndahani amesema amemtilia sumu." Sikusema uongo hata neno moja. Kama ningesema uongo labda ningeweza kuutubia ukaisha. Ile ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomla yule mzee.

Aliitwa. Akaja na mwiko mkononi. "Umesema umempa mnyama sumu?" Ndahani akanitazama mimi, si yeye. "Nimesema, bwana," akajibu. "Nimemwambia mtani wangu." Baba Lisa hakujua mtani ni nini, alidhani labda ni jina langu. "Kwa hiyo umesema kweli?" Na hapo ndipo Ndahani alipofanya jambo ambalo nimeliona kila usiku ninapokosa usingizi. Hakujitetea. Aligeuka akanitazama tu, nyusi zimepanda kidogo, kama alivyokuwa akinitazama jikoni akishamaliza kurusha lake. Alikuwa ananisubiri. Ilihitajika sentensi moja, ni utani bwana, kwetu ndivyo tunavyoongea, mimi na yeye tungecheka na yule mzungu angetushangaa. Nililiangalia zulia. Nilisikia saa ya ukutani ikigonga, na mwiko ukidondosha matone ya mchuzi kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Mwisho akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Alipopita karibu yangu alisema polepole, "Maharage yanakaribia kukauka. Ongeza maji ya moto, siyo ya baridi, yatagoma kuiva." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Niliongeza maji ya moto. Yaliiva vizuri sana, na sikuweza kuyala.

Wiki iliyofuata alikuja mpishi mwingine, kijana msafi aliyevaa saa. Siku ya kwanza aliniwekea kikaango cha nguruwe kwenye beseni langu la vyombo, pamoja na vikombe.

Babu hakufa. Hilo ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu, nikapewa. Katikati ya mwezi wa nane baridi ilipovunjika, niliingia na ndoo ya deki nikamkuta amesimama juu ya jiwe, kifua mbele, jua la dirishani limempiga, ananitikisia kichwa kama mtu anayedai chakula chake. Alikula panzi saba. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikaa kwenye kitanda cha Lisa, nikaogopa kuliko siku zote, kwa sababu kama angekufa ningeendelea kuwa na mtu wa kumshuku. Sasa hapakuwa na sumu, hapakuwa na muuaji, nilibaki mimi peke yangu. Lisa na mama yake waliporudi nikawaeleza jinsi alivyokataa kula. Mama Lisa akacheka, akanishika bega. "Oh, pole! Wakati wa baridi huwa analala. Hata mwaka jana kule kwetu alilala. Nilisahau kukuambia." Alisahau. Jioni ile nilikuwa koridoni na sinia la chai nilipomsikia akiuliza, "Na Ndahani yuko wapi?" Baba Lisa akasema, "Aliondoka." Mama Lisa akasema ni bahati mbaya, alikuwa na mkono mzuri wa supu. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda kuichemsha upya.

Nilikaa nyumba ile miaka mitatu zaidi. Ufunguo haukutoka kwenye khanga yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu wangu nimewapata na majuto bado yako palepale. Ndahani nilimwona mara moja tu, Majengo sokoni, kwenye nafaka, amekaa juu ya gunia anabishana na muuzaji. "Punguza, mpagazi!" alikuwa anamwambia, na watu wanacheka. Nilijificha nyuma ya magunia ya karanga mpaka miguu ikafa ganzi. Hofu ya kufukuzwa iliisha, hofu ya mjusi iliisha, hofu ya kukutana na macho yale haikuisha.

Na kwa hofu hiyohiyo nilikwenda Haneti. Nilifika saa sita na nusu, nikawasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, wanawake wakaitika, halafu wakanitazama kwa namna ambayo nilielewa kwamba wananijua. Neema alikuwa mlangoni, masikio ya baba yake yaleyale ila bila tundu. "Mwaka ule nilikuwa darasa la tano," akaniambia hata kabla sijakaa. "Nilitolewa nikachunga mbuzi mwaka mzima. Nilirudi darasani nikakuta wenzangu wameshapanda." Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Alinipeleka kwa mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, mwembamba, macho makavu. Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Lameki alimletea mume wangu habari kwamba mjusi kaamka," akasema. "Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, basi mtani wangu atakuja sasa. Kila mwaka baridi ikianza anasema, mwaka huu atakuja anijibu. Mtani hanuniwi, mama. Alikuwa anakusubiri tu wewe." Nilitaka kusema nilikuwa naogopa. Lakini aliyepaswa kuambiwa hilo alikuwa ndani ya sanduku, chumba cha pili.

Saa nane tulikuwa kaburini. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi machoni, wazee wamejifunga mablanketi. Mchungaji alisoma, waliimba, wakamshusha. Vijana wakachukua makoleo, halafu wakasita, kila mtu ananitazama mimi. Nikajua ni kwa nini. Mimi ni mtu mzima, goti moja bovu, na nilikuwa nimevaa khanga zangu nzuri. Nikaenda nikakaa juu ya lile tuta la udongo, katikati, nikanyoosha miguu. Nilimwona Neema upande wa pili, mikono kifuani. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya jikoni.

"Wekeni chini makoleo," nikasema. "Nyie Wagogo mna haraka gani? Huyu mla mlenda hajafa. Amelala, ni baridi tu. Mtoeni mkamweke juani, mwezi wa nane ataamka, mumpe panzi saba."

Mjane ndiye aliyeanza, kicheko chembamba kilichovunjika katikati, na baada yake wazee, na baada yao uwanja mzima, watu wanacheka na kufuta macho kwa pembe za mablanketi. Neema aliinama akaziba uso, mabega yakimtikisika, sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, nami sikuwa na haki ya kuuliza. Waliponyamaza sikuinuka mara moja. Nilikuwa nimeshasema langu. Nikainamia lile shimo, nikamwachia zamu yake.